Uzoefu wangu na Ant-Man and the Wasp: mwendelezo unaojua kimo chake

Nitoe jibu mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: Ant-Man and the Wasp inaburudisha, tena kuliko ile ya kwanza ya 2015. Si filamu kubwa na haijidai kuwa kubwa. Anayetaka muvi ya kubishania kijiweni wiki nzima, Marvel walishampa Black Panther na Avengers: Infinity War mwaka huohuo wa 2018. Hii ilikuja Julai, nyuma ya vigogo hao wawili, na wengi wakaichukulia kama kitu cha kusogezea muda tu. Niliitazama ukumbini enzi hizo nikatoka nacheka. Hivi karibuni nimeirudia sebuleni na watoto wa dada yangu, na safari hii nilitaka kujua kama bado inachekesha wakati mshangao umeshakwisha. Inachekesha, na nadhani nimejua kwa nini. (Nitasimulia mengi humu. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa, kaione kwanza.)

Scott Lang, mwizi aliyeacha wizi, anayeigizwa na Paul Rudd, ndiye Ant-Man: ana vazi linaloweza kumsinyaza awe kama sisimizi au kumkuza awe jitu. Sasa amefungwa nyumbani kwake San Francisco. Kosa lake ni kwenda Ujerumani kupigana upande wa Captain America. Mguuni ana kifaa kinachowashtua FBI akitoka nje ya uzio, na zimebaki siku tatu kifungo kiishe. Ndipo Hope van Dyne na baba yake, Dk. Hank Pym, wanapomchukua kimyakimya, kwa sababu wanaamini kichwani mwake umefichwa ujumbe wa Janet, mama yake Hope, aliyepotea miaka 30 katika ulimwengu wa kwantamu, yaani ulimwengu mdogo kuliko chembe. Nyumbani kwa Scott wanaacha sisimizi mwenye ukubwa wa mtu. Amevalishwa kile kifaa, anaoga, anatazama televisheni na kupiga drami kama Scott alivyozoea, ili huko FBI kila kitu kionekane shwari.

Ukishacheka kuhusu huyo sisimizi, angalia walichokifanya waandishi. Hakuna dunia inayookolewa humu. Hakuna mji unaoning'inia angani, wala jeshi kutoka sayari nyingine. Kuna mwanamume anayetakiwa awe nyumbani kabla afisa hajabisha hodi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kanuni: steringi hafi. Kwa hiyo filamu inayotegemea umwogopee steringi kifo inaanza ikiwa na deni. Lakini steringi kukamatwa, kupoteza haki ya kumwona binti yake, kuaibika mbele ya Jimmy Woo wa FBI, hayo yanawezekana kabisa, na ndiyo maana kila simu inapoita unajikuta umekaa mbele kidogo ya kochi. Randall Park anamwigiza huyo Woo kwa namna ya ajabu: ni askari anayependa kazi yake, ila anatamani zaidi Scott amfundishe ule mchezo wa karata aliojifunzia nyumbani.

Sasa nije kwenye chenyewe. Kinachonichekesha humu ni kimo. Na kimo hakichekeshi peke yake, kinahitaji kando yake kitu tunachokijua. Tukio la jikoni ndilo mfano bora. Hope, ambaye ndiye Wasp, ndani ya vazi lake la nyigu, yuko kwenye jiko la mgahawa na wahuni wa Sonny Burch, mfanyabiashara wa magendo anayechezwa na Walton Goggins. Mmoja anarusha kisu. Hope anasinyaa, anatua juu ya ubapa wa kile kisu kikiwa bado hewani na kukimbia juu yake. Inakuja nyundo ya kupondea nyama, anaikwepa kama unavyokwepa lori. Hakuna mtu anayesimama kutoa utani halafu ngumi ziendelee. Utani ndio ngumi zenyewe. Filamu nyingi za mashujaa zinazojiita za kuchekesha hukosea hapo: zinapigana dakika tano, zinasimama, mtu anatoa sentensi ya kejeli, zinaendelea. Hapa ukiondoa kichekesho, pigano nalo linaondoka.

Vivyo hivyo barabarani. Hank anabeba magari yake madogo kwenye kikasha cha Hot Wheels, anachagua moja kama mtu anayechagua kiatu, analikuza, wanaondoka. Gari linapofukuzwa kwenye vilima vya San Francisco linasinyaa, linapita chini ya gari la adui, linakua ghafla na kulibinua. Anapokuja mwenye pikipiki, Hope anarusha kikopo cha peremende cha Hello Kitty, na kinapofika barabarani kimeshakuwa kikubwa kuliko pikipiki. Maabara nzima ya Hank, jengo la ghorofa kadhaa, inapunguzwa hadi inakokotwa kwa mpini kama begi la safari. Mtoto mdogo niliyekuwa naye aliuliza kama vikombe vya humo ndani havivunjiki. Swali zuri kuliko yote niliyosoma kuhusu filamu hii, na filamu yenyewe haina jibu. Inakimbia mbele kabla hujauliza, na inafanya vizuri kukimbia.

Kuna tukio la shuleni ambalo peke yake lingenitosha. Vazi la zamani la Scott limefichwa ndani ya kikombe cha zawadi alichopewa na binti yake, Cassie, chenye maandishi ya kumsifu bibi bora duniani. Cassie amekipeleka shuleni. Scott na Hope wanakwenda kukitafuta, vazi jipya linaleta hitilafu, na Scott anabaki na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Anavaa sweta lenye kofia aliloliokota na kukatiza korido mbele ya walimu. Akirudi kwenye gari, Hank anamuuliza kwa uso mkavu shule ilikuwaje leo. Michael Douglas, mzee wa Hollywood mwenye Oscar, anaitoa sentensi ile bila hata kukunja shavu. Tulilazimika kurudisha nyuma, maana kicheko kilifunika maneno yaliyofuata.

Halafu Luis. Jamani, Luis. Michael Peña anamwigiza rafiki wa Scott, mfungwa wa zamani ambaye sasa ana kampuni ya ulinzi inayochechemea. Adui wanamdunga dawa ya kusema ukweli wajue Scott yuko wapi. Ukweli unatoka, lakini unatoka na historia yote: jinsi walivyofahamiana gerezani, bibi yake, na mashine ya muziki ya bibi iliyopiga nyimbo za Morrissey tu. Anavyosimulia, tunawaona wahusika wengine kwenye skrini wakifungua midomo na sauti inayotoka ni ya Luis, na lafudhi yake, na misemo yake. Hope anaongea kiluis. Scott anaongea kiluis. Filamu ya kwanza ilikuwa na mchezo huu pia, na ukumbini nilihofu wangeurudia kivivu. Wameurudia kwa kumweka msimulizi huyo mbele ya bunduki, na kila anapochepuka kutoka kwenye mada, wenye bunduki wanazidi kupandwa na hasira.

Kwa Mmarekani huo ni ufundi wa uhariri. Kwa mtu aliyesikiliza filamu zilizotafsiriwa na marehemu Lufufu huku kwetu, au DJ Afro kule Kenya, ni nyumbani kabisa. Mzungu anafungua mdomo, sauti inayotoka ni ya mtafsiri, na mtafsiri anaongeza chumvi yake: anampa adui jina la mtaani, anamkumbusha steringi deni la vocha. Nilicheka nikifikiri kwamba Marvel, kwa mamilioni yao yote ya dola, wamefika pale kibanda umiza kilipokuwa zamani kikiwa na runinga moja na spika mbovu. Mtu akimpa DJ Afro dakika zile afanyie kazi, sijui nani atamshinda nani.

Si kila kitu kimekaa sawa. Filamu ina dakika 118 na wafukuzaji watatu: Burch anaitaka ile maabara auze, FBI wanamtaka Hank na Hope, na Ava Starr, anayeitwa Ghost, anaitaka maabara ili apone. Huyo wa tatu ndiye mwenye hadithi. Aliwapoteza wazazi wake utotoni kwenye ajali ya maabara, na tangu hapo mwili wake hautulii: unapita ukutani, unaachana na kukutana tena, na kila mara ni maumivu. Hannah John-Kamen anaucheza uchungu huo hadi unasahau kwamba yeye ndiye anayetakiwa kuchukiwa. Dk. Bill Foster, anayechezwa na Laurence Fishburne, amemlea na yuko tayari kumtetea, lakini pia anamwekea mpaka. Hapo palikuwa na filamu nzima. Badala yake, kila hadithi ya Ava inapoanza kushika, Burch anaingia na magari yake. Namwelewa Burch, anahitajika ili pawe na wa kupigwa bila huruma. Ila wangempunguza yeye kabla ya kumpunguza Scott.

Na mazungumzo ya kwantamu yanachosha. Scott mwenyewe anawauliza wanasayansi kama huwa wanabandika tu neno hilo mbele ya kila kitu, na tukacheka, lakini baada ya hapo wanaendelea kulibandika. Michelle Pfeiffer, Janet mwenyewe, anaonekana kwa muda mfupi, kisha anaponya tatizo la Ava kwa kumgusa. Filamu iliyokuwa imara kwenye kanuni zake ndogondogo, kwamba vazi likiharibika unakwama na ukikua kupita kiasi unachoka na kuzimia, ghafla inampa mtu mikono ya muujiza. Uzuri ni kwamba kabla ya hapo Janet ameshaazima mwili wa Scott kwa dakika chache, na Paul Rudd anamtazama Michael Douglas kwa macho ya mke aliyemkosa mumewe miaka yote hiyo, akimpapasa shavu. Kinachekesha na kinagusa kwa wakati mmoja, na Rudd haonyeshi hata chembe ya aibu.

Hope ametendewa haki kuliko nilivyotarajia. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Marvel Studios kumweka shujaa wa kike kwenye jina lake, na Evangeline Lilly anapigana vizuri kuliko mwenzake bila filamu kusimama kutuomba tumpigie makofi kwa sababu hiyo. Scott anajua yeye ni wa pili. Hilo linaipa filamu upole fulani ambao muongozaji Peyton Reed, aliyetokea kwenye vichekesho, anaujua vyema.

Ukitaka ushahidi kwamba kila kitu kinategemea kimo, tazama ya tatu, Quantumania ya 2023. Muongozaji ni yuleyule, Rudd yuleyule, Lilly yuleyule. Lakini wamewapeleka wote kwenye ulimwengu wa kwantamu karibu filamu nzima, mahali pasipo na gari, kisu cha jikoni wala shule. Scott anakua jitu, sawa, ni jitu ukilinganisha na nini? Kila kitu pale kimebuniwa, kwa hiyo jicho halina cha kushika. Na Luis hayumo. Ya pili ilikusanya takriban dola milioni 620 duniani, ya tatu ikaanguka chini ya milioni 480. Sisemi mapato ndiyo kipimo cha kicheko, lakini safari hii vimekubaliana. Katika ya pili Scott akiwa jitu anatumia lori kama ubao wa magurudumu wa mtoto, anatokea baharini kuifuata ile maabara kwenye feri yenye abiria. Unajua lori. Unajua feri. Umeshacheka kabla hujafikiri.

Kwa wenye watoto: damu hakuna ya kutisha, mapenzi ni ya busu. Ghost anaweza kumtisha mdogo anapotokeza usoni ghafla, lakini kwetu walizoea haraka. Huhitaji kuwa umetazama filamu zote za Marvel. Ya 2015 inatosha, na dokezo la Ujerumani unaweza kulieleza kwa sentensi moja huku bisi zikiendelea kuliwa. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokatwa aulizwe Burch.

Onyo moja tu. Hadithi inaishia vizuri: Scott, Hope na Cassie wamekaa ndani ya gari lililosinyazwa, wanatazama filamu ya zamani kwenye kompyuta ndogo kana kwamba ni skrini kubwa ya kutazamia ukiwa garini. Kama watoto hawajaiona Infinity War, zima hapo. Mimi niliacha majina yaendelee kupita, likaja lile tukio la katikati: Scott yuko ndani ya kwantamu, anaita atolewe, na waliotakiwa kumtoa wamegeuka vumbi, kama ilivyowapata wengi mwishoni mwa Infinity War. Watoto wa dada wakanigeukia kuuliza Hope amekwenda wapi, na jibu la swali hilo ni filamu mbili nyingine, Infinity War na Avengers: Endgame, zenye jumla ya saa tano na nusu.