Simfonia 16 za Rued Langgaard kwenye seti ya Dacapo: uzoefu wangu

Jibu la haraka kwa anayetaka kujua kama seti hii inafaa kununuliwa: inafaa sana, ila usianze na diski ya kwanza.

Rued Langgaard (1893–1952) ni mtunzi wa Denmark aliyeacha kazi zaidi ya 400, zikiwemo simfonia 16 (kazi kubwa za okestra), na sehemu kubwa ya kazi hizo hakuwahi kuzisikia zikipigwa. Alipokuwa hai, muziki wa Denmark ulimtazama mtunzi mwenzake Carl Nielsen, na wengine wakapimwa kwa kipimo chake. Opera ya Langgaard, Antikrist, ilikataliwa na Jumba la Kifalme la Michezo la Copenhagen. Ilikuja kuchezwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1999, huko Innsbruck, Austria, miaka 47 baada ya yeye kufa. Kazi ya kudumu ya kupiga ogani kwenye kanisa kuu aliipata mwaka 1940, akiwa na miaka 46, na kanisa lenyewe liko Ribe, mji mdogo wa magharibi mbali kabisa na Copenhagen.

Seti ninayoizungumzia ni ya lebo (kampuni ya kurekodi) ya Dacapo: diski 7, zaidi ya saa 7 za muziki, Okestra ya Taifa ya Simfonia ya Denmark ikiongozwa na Thomas Dausgaard. Diski hizo zinacheza kwenye mashine yoyote ya CD. Anayesikiliza kwa kupakua ajiandae: kwa ubora wa 320 kbps seti nzima inakaribia GB 1, na kwa FLAC (faili zisizopunguza ubora) ya kiwango cha CD ni kama GB 2 na kidogo.

Sababu ya kutoanza na diski ya kwanza ni hii. Simfonia ya 1, Klippepastoraler, ina kama saa nzima. Langgaard aliiandika akiwa kijana mdogo, na Okestra ya Filhamoni ya Berlin ikaipiga tarehe 10 Aprili 1913 chini ya Max Fiedler, mtunzi akiwa na miaka 19. Ni muziki mkubwa, wenye joto na uliojengwa vizuri, lakini mgeni atausikia kama Wagner au Strauss aliyerefushwa, atachoka dakika ya 40 na hatarudi. Kosa la pili ni kuokota namba ovyo. Ukiangukia ya 7 au ya 9 utadhani huyu ni mwigaji wa Niels Gade, mtunzi wa Denmark wa karne ya 19. Angalia mwaka kabla ya namba. Kuanzia 1916 hadi kama 1924 alikuwa anajaribu mambo ambayo Ulaya haikuyazoea. Karibu mwaka 1925 aliyaacha kwa makusudi akarudi kwenye mtindo wa zamani wa muziki wa karne ya 19 (Romantic). Kisha katika miaka ya 1940 hasira na maono vilirudi, safari hii kwa vipande vifupi na vikali.

Kwa hiyo anza na ya 4, Løvfald, ya mwaka 1916. Ina dakika kama 25, haina mapumziko ndani yake, na imegawanywa vipande 13 vinavyofuatana: majani yanapukutika, jua linachungulia, radi inapiga, uchovu unaingia. Tega sikio karibu na mwisho, okestra inapoiga kengele za kanisa za Jumapili asubuhi. Mlio uleule unarudiwa na kurudiwa bila kwenda popote, halafu muziki unakatwa kwa ukali. Ukishayapenda hayo mambo mawili, kurudia bila haya na kukata ghafla, umeshapata ufunguo wa Langgaard mzima.

Fuata na ya 6, Det Himmelrivende, dakika kama 22. Wazo moja linatajwa kwanza kwa upole, kisha kwa sura ya pili yenye giza, halafu linageuzwa kuwa fuga (sauti zinazofukuzana), tokata (muziki wa kasi) na sonata mpaka kufikia koda (sehemu ya kumalizia) yenye kelele za mwisho wa dunia. Mtunzi alilenga vita kati ya Kristo na majeshi maovu ya mbinguni, na unaweza kuvifuata vita hivyo hata bila kusoma maelezo. Sikiliza wazo la mwanzo mara mbili kabla ya kuendelea. Usipolikariri, nusu ya pili itakuwa vurugu tupu kwako, kwa sababu kila kinachopigwa huko kinatoka humo.

Baada ya hapo weka ya 11 na ya 12, dakika 13 hivi kwa zote mbili. Ya 11 inaitwa Ixion, yule wa hadithi za Wagiriki aliyefungwa kwenye gurudumu linalozunguka milele, na muziki unafanya hivyohivyo: mzunguko mmoja wa mwendo wa walsi usiokoma, ukiwa na tuba (vyombo vikubwa vya shaba vya sauti nzito) nne za ziada. Ya 12, Helsingeborg, inaibana ile ya kwanza ya saa nzima ndani ya dakika kama 7, na mwishoni Langgaard aliandika kwenye noti maelezo ya mtunzi anayelipuka. Hapo ndipo wakati mwafaka wa kurudi kwenye ya 1. Isikilize yote, kisha piga ya 12 papo hapo. Zikikaa pamoja kila moja inaieleza mwenzake.

Sasa sauti, maana hapa ndipo wengi wanampoteza. Muziki huu una tofauti kubwa mno kati ya kimya na kelele. Ukipandisha sauti ili usikie mwanzo, kilele kitapasuka kwenye spika. Fanya kinyume: tafuta dakika mbili za mwisho za ya 6, weka sauti pale unapoweza kuvumilia, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Kwenye programu ya simu zima mambo matatu: kuchanganya mpangilio, kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, na kusawazisha sauti. Hili la tatu ndilo baya zaidi. Vipande 13 vya ya 4 vimekatwa kuwa faili tofauti, na programu ikisawazisha kila faili peke yake, kipande cha kimya kinapandishwa na kile cha radi kinashushwa. Mchoro wote unalainika. Kama programu inaruhusu kusawazisha kwa albamu nzima, chagua hivyo. Spika ndogo ya bluetooth itakunyima tuba na ogani, kwa hiyo vipokea sauti vya waya vya bei ya kawaida ni bora kuliko spika hiyo.

Seti zingine zipo. Ilya Stupel alirekodi simfonia zote kwa lebo ya Danacord mwanzoni mwa miaka ya 1990, na okestra ya Łódź, Poland. Inastahili heshima kwa kufungua njia, na ina moto, lakini sehemu zenye vyombo vingi zinasongamana na huwezi kutenganisha nani anapiga nini. Dausgaard anazifungua. Kwa ya 2 na ya 6, Sakari Oramo na Filhamoni ya Vienna, pia kwa Dacapo, wana vyombo vya nyuzi vyenye sauti nene zaidi. Mwenye nafasi ya kununua diski moja tu achukue hiyo, lakini ataikosa ya 4.

Upungufu mkubwa wa seti ya Dausgaard ni kwamba kazi kuu ya Langgaard haimo, kwa kuwa si simfonia. Sfærernes Musik (1916–18) inatafutwa peke yake, ama kwa kiongozi wa okestra Rozhdestvensky kwenye lebo ya Chandos, ama kwa Dausgaard huyuhuyu kwenye Dacapo. Mimi nachagua ya Dausgaard. Ni dakika 35 za okestra kubwa, kwaya, ogani, piano ambayo nyuzi zake zinapapaswa kwa mkono, na okestra ndogo ya pili inayowekwa mbali pamoja na mwimbaji wa sauti ya kwanza (soprano). Kwa spika moja umbali huo unapotea, na pamoja nao maana ya kazi, kwa hiyo hakikisha stereo inafanya kazi. Ilipigwa Karlsruhe mwaka 1921, kisha ikazama miongo mingi. Mwaka 1968 huko Stockholm mtunzi Per Nørgård aliziingiza noti za kazi hiyo kati ya kazi mpya zilizokuwa zikipimwa na jopo, na mtunzi maarufu György Ligeti alipozipekua aliona rundo la noti zilizobanana, mbinu aliyojulikana nayo yeye, tayari limeandikwa miaka 40 na zaidi kabla yake. Akajitangaza kuwa mfuasi wa Langgaard.

Ukitafuta, andika jina lote, Langgaard, kwa g mbili na a mbili. Ukiona Sfærernes Musik inaorodheshwa kama vipande 15 badala ya faili moja, ni sawa, mradi umezima yale mambo matatu.