Ukumbi mdogo wa mazoezi wa Mwanga, Kigoma: tathmini baada ya miezi minane

Kabla ya kujiunga na ukumbi huu nilikuwa nimeanza mazoezi na kuyaacha mara nne. Mara ya mwisho nililipa ada ya miezi mitatu kwa mkupuo katika ukumbi mwingine wenye vioo ukuta mzima na mashine mpya za kukimbilia, nikahudhuria wiki tatu, nikatoweka, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilikokwenda. Ndiyo maana naanza tathmini hii na daftari lililopo juu ya meza, karibu na mlango.

Katika daftari hilo kocha huandika jina la kila mwanachama pamoja na siku alizokubali mwenyewe kufika, na anayekosa vipindi viwili mfululizo hupigiwa simu. Mwezi wa pili, nilipolemewa na kazi ya kufunga hesabu ofisini, simu hiyo ilinifikia saa 3 usiku: “Shikamoo mama. Jumatatu na Jumatano hatukukuona. Unaumwa, au ni kazi?” Nilipomjibu kuwa ni kazi, aliniomba nifike Ijumaa hata kwa dakika 20, nami nikafika. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, ukaonyesha kuwa tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi 254. Ulionyesha pia kuwa kukosa siku moja hakukubomoa kilichokwisha kujengeka. Mara zote nne nilizoacha, niliacha kwa sababu nilikosa siku chache nikaamini kwamba nimeshaharibu kila kitu, na sikuwa na mtu wa kunieleza vinginevyo.

Jambo la pili ni ratiba, nayo imepangwa na mtu anayeijua Kigoma. Ushauri wa kuamka saa 11 alfajiri na kwenda kukimbia huenda unawafaa watu wa Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua letu huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, na mwanamke anayekimbia peke yake barabarani saa hizo hukimbia gizani. Kipindi chetu kikuu huanza saa 11:30 jioni, wakati bado kuna zaidi ya saa nzima ya mwanga. Siku mbili tunafanya mazoezi ya nguvu ndani: dambeli, kuchuchumaa, pushapu na kuruka kamba. Ijumaa tunateremka kwa pamoja Barabara ya Lumumba hadi stesheni ya reli, kisha tunaupanda mlima kurudi Mwanga, na kipimo cha kocha ni mazungumzo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako unafaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kuhemesha kiasi, kama kutembea haraka, na zaidi ya hayo angalau siku mbili za mazoezi ya nguvu; vipindi vyetu vitatu vya dakika 50 vinatimiza zile siku mbili za nguvu, lakini peke yake havitoshi kufikisha dakika 150 za kuhemesha.

Kasoro zipo, na mwenye ukumbi anazijua kwa sababu nimemweleza. Benchi za kunyanyulia vyuma ni mbili tu, hivyo jioni foleni huwa ndefu. Bafu la wanawake hukaa siku kadhaa bila maji. Na paa ni bati tupu, kiasi kwamba mvua za masika zikinyesha hatusikii maelekezo na inatubidi kumwangalia kocha mikono. Anayetafuta mashine za kisasa hatazipata hapa.

Ningemshauri ajiunge mtu ambaye, kama mimi, ameshaacha mara kadhaa na anaona aibu kuanza tena. Afike Jumatatu, amweleze kocha ukweli kuhusu siku anazoweza, na asiahidi zaidi ya hapo, kwa kuwa ahadi hiyo itaandikwa daftarini. Ada ni shilingi 35,000 kwa mwezi au 2,000 kwa siku, bila kulazimishwa kulipia miezi ya mbele. Mwezi wangu wa tisa nimeshaulipia.