Kitatuzi cha Microsoft cha kusakinisha na kuondoa programu: kinafagia mabaki, basi

Kitatuzi hiki cha bure, kwa jina lake Program Install and Uninstall, kina kazi moja kinayoiweza kwelikweli. Programu iliyoondolewa nusunusu huacha maandishi yake kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo. Kisakinishi cha toleo jipya kikiyakuta, huamini la zamani bado lipo, kisha kinagoma. Waliopanda kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 bila kufuta diski wanaijua hali hii.

Kwanza tengeneza nukta ya kurejesha mfumo, maana kitatuzi kinafuta vitu kwenye rejista. Kisha kifungue, chagua kama shida ni kusakinisha au kuondoa, subiri orodha, chagua programu na ukubali ing'olewe. Ikiwa haimo orodhani, utatakiwa kutoa msimbo wa bidhaa, ule mrefu wa herufi na namba ulio ndani ya mabano {}. Washa kompyuta upya, ndipo usakinishe tena.

Kwa hayo nakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili kimezikosa kwa sababu kinashughulikia programu za Windows Installer tu, yaani zile za faili za .msi, tena hakikwambii kosa lilitoka wapi. Chukua kosa la usakinishaji 1603: linaweza kuwa folda iliyosimbwa, akaunti ya SYSTEM (ile ya Windows yenyewe) kunyimwa ruhusa kamili, au toleo la zamani lililobaki. Kitatuzi kinafaa kwa hilo la mwisho pekee. Kwa mengine, fungua dirisha la amri kama msimamizi, nenda kwenye folda yenye kisakinishi, uandike (badala ya programu.msi weka jina la faili lako):

msiexec /i programu.msi /l*v C:\Temp\log.txt

Folda ya Temp iwepo kabla. Ndani ya log.txt, faili la kumbukumbu za usakinishaji, tafuta "Return value 3". Sababu huwa mistari michache juu yake.

Kosa 1618 halihitaji kitatuzi chochote: usakinishaji mwingine unaendelea, subiri umalize. Likija kosa 0xc000007b unapofungua programu, mara nyingi faili za biti 32 na 64 zimechanganyika. Sakinisha Visual C++ Redistributable (faili za Microsoft ambazo programu nyingi huzitegemea) zote mbili, x86 ya biti 32 na x64 ya biti 64. Wengi huweka x64 peke yake kwa kuwa kompyuta ni ya biti 64, halafu programu ya biti 32 inaendelea kulalamika.

Visakinishi vya kale vya biti 16, usihangaike navyo. Windows 11 ni ya biti 64 tu na haiviendeshi. Tumia mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya yako) yenye Windows ya biti 32.