Puppeteer kwa kuchomoa CSS: inafaa, ila iangalie

Kwa kuchomoa CSS (kanuni za mwonekano) inayotumika kwenye ukurasa wa wavuti, Puppeteer, maktaba ya JavaScript ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, inatosha. Ita startCSSCoverage kabla ya goto (amri ya kufungua ukurasa), subiri ukurasa utulie, kisha stopCSSCoverage inakurudishia maandishi ya kila faili na mipaka ya sehemu zilizotumika. Ukipitia kurasa kadhaa, weka resetOnNavigation iwe false, la sivyo kila ukurasa mpya unafuta hesabu ya uliotangulia.

Shida ni kwamba inahesabu kilichotumika wakati huo tu. Kanuni za :hover (za kipanya kikiwa juu ya kitu) huonekana hazina kazi. Ukizifuta, vitufe havitabadilika tena kipanya kikipita juu yake. Kwa hiyo kabla ya kusimamisha hesabu, jaribu upana wa pikseli 375 na 1280, fungua na menyu. Mitindo ya insertRule, yaani inayoongezwa na JavaScript ukurasa ukiwa wazi, haimo kabisa: isome kwenye document.styleSheets, orodha ya mitindo ndani ya kivinjari. Huko nako, faili za kikoa kingine hugoma kusomwa kwa SecurityError (kosa la usalama). Zidake kwenye tukio la response la Puppeteer, linalotokea kila jibu la seva likifika.