Mtego wa kopo wa nzi wa matunda: kwa fukusi usiutegemee

Mtego huu wa kopo la njano nimeutumia kwenye miembe yangu msimu mzima, nami nausifu kwa kazi moja: nzi wa matunda. Ubavuni una matundu, na ndani kuna kipande kilicholoweshwa methili eujenoli, kemikali yenye harufu, na dawa ya kuua. Harufu hiyo huwavuta madume wa Bactrocera dorsalis, yule nzi wa asili ya Asia aliyegunduliwa Afrika mwaka 2003. Nimeutundika kivulini, kimo cha mita 1.5 hivi, na waya nimeupaka grisi. Grisi usiiache: sisimizi wakipata njia watabeba nzi wote waliokufa, ukute kopo tupu udhani shamba ni salama.

Madume wakipungua, majike wengi hukosa wa kupandana nao. Lakini jike aliyekwisha kupandwa haji kwenye kopo; anaendelea kuchoma ganda na kutaga chini yake. Kwa hiyo maembe yaliyoanguka nayaokota kila mara na kuyafungia juani ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, funza wafie humo kabla hawajaingia udongoni kuwa pupa, yaani hatua ya kugeuka nzi.

Fukusi wa kokwa ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo maandishi ya kifungashio yananiudhi. Yanasema "wadudu waharibifu wa maembe", kana kwamba ni mdudu mmoja. Fukusi hutaga kwenye embe changa. Buu hupenya hadi kwenye kokwa, na kijitundu alichoingilia huziba tunda likikua. Embe la nzi hulainika, huoza na kuanguka. La fukusi linaning'inia zuri, hata nyama yake mara nyingi ni nzima, mpaka upasue kokwa umkute humo. Harufu ya kopo haimvuti. Aliyekomaa hutembea usiku, hujificha kwenye nyufa za magome na kungoja maua ya msimu ujao. Kuruka mbali si kawaida yake. Sisi ndio tunaomsafirisha ndani ya maembe. Kwake yeye nakusanya makokwa na kuyachoma, nakwangua magome yaliyolegea, nafagia chini ya miti.

Kopo lenyewe ni imara, jua halijalipasua, na kulifungua ili kuhesabu nzi ni rahisi. Mtengenezaji aandike wazi kwamba linanasa nzi dume peke yao. Mwenye kilio cha makokwa yaliyoliwa asilinunue.