Sanduku la vitabu vya Ireland: euro 45, vitabu sita

Huu ni mwaka wangu wa tatu Dublin, na aibu ilianza kunishika kuishi kwa watu nisiojua walikotoka. Desemba nikaagiza sanduku la vitabu vya mtumba kwenye duka dogo la hapa mjini. Unalipa euro 45, unawaeleza wewe ni nani, wanakuchagulia wao.

Kilichonikamata zaidi ni The Great Hunger cha Cecil Woodham-Smith, cha mwaka 1962, kuhusu njaa iliyoanza 1845 ugonjwa ulipoingia kwenye viazi. Mimi ni mtoto wa Njombe. Nilipofika pale shamba la kijani linapogeuka jeusi na kunuka ndani ya siku chache, nilikiweka chini nikampigia mama. Ni bakajani hiyohiyo inayotubebesha bomba la dawa mgongoni kila mvua zikizidi. Ila sisi viazi vikiungua, mahindi yapo. Maskini wa Ireland hawakuwa na kingine. Walikufa karibu watu milioni moja, wengine milioni wakahama nchi, huku nafaka ikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Herufi ni ndogo na kurasa nyingi. Kisome polepole, usikiache.

Kuna wasifu wa Roger Casement pia. Shuleni tulifundishwa habari za mikono iliyokatwa Kongo kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold, lakini jina la aliyezunguka vijijini kukusanya ushahidi sikuwahi kulisikia. Ni huyu, mzaliwa wa Sandycove, pwani ya Dublin, aliyekuwa konsuli wa Uingereza. Ripoti yake ilitoka 1904. Waingereza haohao waliompa cheo cha Sir mwaka 1911 walimnyonga London tarehe 3 Agosti 1916, kwa kutafuta silaha Ujerumani ili Ireland ijikomboe. Mabaki yake yalirudishwa 1965, akazikwa Glasnevin. Nilikwenda Jumapili moja nikasimama pale kaburini. Niliona kuna deni.

The Islandman, cha Tomás Ó Criomhthain, mvuvi wa kisiwa cha Great Blasket, kiliandikwa kwa Kiairishi na kutoka 1929; mimi nimesoma tafsiri ya Kiingereza. Ni kama kukaa na babu jioni: anataja samaki, dhoruba na watoto aliowazika, bila kukuomba machozi. Wakazi wa mwisho walihamishwa kisiwani 1953.

Kama Kiingereza chako bado kinasuasua, anza na Small Things Like These cha Claire Keegan. Ni chembamba, lugha nyepesi: muuza makaa ya mawe wa New Ross, karibu na Krismasi ya 1985, anagundua jambo kwa watawa na hawezi tena kulala. Dubliners ya Joyce nimeipenda hadithi ya mwisho kuliko zote.

Kasoro zipo. Kitabu cha mashairi kilikuja bila kurasa za mwisho. Nilisubiri wiki mbili ndipo wakanijibu na kunirudishia euro 5. Tena hakukuwa na chochote juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, wala Ireland ya Kaskazini, kule Belfast, na mgeni hawezi kuielewa nchi hii bila hayo.

Nawapa nyota nne. Sanduku la pili nimeshaliagiza, na safari hii nimewaandikia waziwazi: nataka Belfast.