Pedali ya nne kwenye gita la pedal steel la E9: Franklin au wenzo wa goti?

E9 ni mpangilio wa noti za nyuzi kumi za gita hili, ambalo pedali na wenzo wa goti hupandisha au kushusha noti hizo. Pedali iitwayo Franklin hushusha uzi wa 5 na wa 10 kutoka noti B hadi A, na wa 6 kutoka G# hadi F#. Inataka ekseli mpya chini ya gita, vikono vitatu vya kuvuta fimbo, fimbo tatu na nati tatu za nailoni. Msumbufu ni uzi wa 6: ukiwa wa kuzungushiwa waya, husafiri mbali kuliko uzi usiozungushiwa waya, na springi ya kurudishia ikiwa dhaifu unabaki chini ya G#. Kaza springi hiyo kidogo kidogo; ukizidisha, pedali inakuwa nzito.

Wenzo wima wa goti unaoshusha 5 na 10 hadi Bb ni nusu toni tu: fimbo mbili, basi. Rahisi, ila F# huipati. Mimi ningefunga Franklin.